Lehemu imeshuka, mshipa bado waziba

Sikatai faida ya statini, dawa ya kushusha lehemu (kolesteroli), walakini kwetu Tabora, ambako tumbaku ya Urambo na Sikonge ndiyo riziki ya wengi, mtu aweza kumeza kidonge chake kila usiku, lehemu ikashuka hasa, kisha akaketi chini ya miembe ya njia ya kale ya Ujiji akiwasha sigara kwa sigara, ilhali shinikizo la damu na sukari havijatazamwa, na ukuta wa mshipa ukazidi kujeruhika na kujaa utando. Tena iko lipoprotini-a, mafuta ya kurithi, ambayo statini haiipunguzi. Ama chokaa ya mshipani ionekanayo katika picha za hospitali, pengine ni utando laini uliokomazwa na dawa yenyewe, usipasuke upesi. Ndugu msomaji, dawa usiiache, sigara iache.