Ruzizi III isituache tukiwa vibarua

Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu ukiwa mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na unaingia Ziwa Tanganyika ukiwa umeshuka hadi mita 770 hivi. Poromoko hilo la karibu mita 700, katika mwendo usiokuwa mrefu, ndilo lililowavuta Wabelgiji kujenga kituo cha kwanza cha kufua umeme hapa Mururu mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1989 kikafuata Ruzizi II, mali ya pamoja ya Rwanda, Burundi na iliyokuwa Zaire, chenye uwezo wa karibu megawati 44. Sasa inasubiriwa Ruzizi III ya megawati 206, ambayo mikataba yake ilitiwa saini mwaka 2019 na ambayo nchi hizo tatu zinatarajiwa kugawana umeme wake sawa kwa sawa.

Ukiongeza kiwanda cha saruji cha CIMERWA katika bonde la Bugarama, kilichoanza uzalishaji mwaka 1984, na kituo cha Gishoma kilichojengwa ili kuchoma nyiramugengeri na kutoa megawati 15, utaona kwamba ni wilaya chache nchini zenye mitambo mikubwa kama ya Rusizi. Hata hivyo, kijana wa Kamembe au Nzahaha anapokwambia kuwa amepata kazi kwenye mitambo hiyo, mara nyingi ana maana ya kubeba mifuko, kuchimba mitaro au kulinda lango. Kazi hizo si aibu. Linalotusikitisha ni kwamba mradi unapokwisha, anarudi nyumbani na mikono ileile aliyokwenda nayo.

Katika fani ya uhandisi kuna kanuni inayotajwa mara kwa mara, kwamba kila mhandisi mmoja anahitaji mafundi sanifu watano na mafundi mchundo 25. Kwa lugha ya hapa kwetu, hao ni A0, A1 na A2. Mhandisi anakokotoa na kusanifu. Fundi sanifu anaelewa hesabu hizo na anajua pia mashine inalia vipi inapotaka kuharibika. Fundi mchundo ndiye anayechomelea, anayefunga nyaya na kubadilisha beringi. Sisi tumeigeuza kanuni hiyo kichwa chini miguu juu. Kila mzazi anataka A0, na mtoto akipelekwa shule ya ufundi majirani huuliza alifeli somo gani.

Dharau hiyo ina historia yake, na wengi wetu tuliosoma uhamishoni tunaifahamu vizuri. Kwa mkimbizi aliyekuwa Karagwe, Bujumbura au Mbarara, cheti kilikuwa mali pekee ambayo angeweza kuikunja na kuvuka nayo mpaka. Ng'ombe waliachwa, mashamba yaliachwa, lakini karatasi ilisafiri. Wazazi wetu walifundishwa na maisha kuiheshimu karatasi kuliko patasi. Ajabu ni kwamba katika jamii hizohizo, aliyekuwa akilisha familia mara nyingi alikuwa seremala au fundi baiskeli, kwa kuwa mwenye gurudumu lililopinda hamuulizi fundi uraia wake. Tuliporudi baada ya 1994 tuliileta ile heshima ya karatasi, tukamsahau seremala.

Wakati huo huo mitambo haitusubiri. Mwaka 2015 CIMERWA ilizindua kiwanda kipya chenye uwezo wa tani 600,000 kwa mwaka, badala ya kile cha zamani cha tani kama 100,000. Tofauti haikuwa ya ukubwa tu. Kiwanda cha awali kilisaga malighafi pamoja na maji, kisha tanuri likapoteza moto mwingi kwa kuyakausha. Kipya kinasaga malighafi ikiwa kavu na kuipasha joto katika mnara kabla haijaingia kwenye tanuri, ambamo joto hufikia nyuzi 1,450 hivi. Mtu aliyelijua tanuri la zamani kwa miaka 30 hana budi kujifunza upya vipimo, kompyuta za udhibiti na hata namna ya kusikiliza mtambo. Asipofundishwa, uzoefu wake wote unabaki kuwa hadithi ya kuwasimulia wajukuu.

Au tutazame mtoni. Chupa na takataka za plastiki kutoka katika miji iliyo kando ya ziwa husukumwa na maji hadi kwenye mabwawa, huziba njia ya maji na kupunguza umeme, na imebidi watu wazamie kuziondoa. Hapa kuna kazi ya kubuni vizuizi na mashine za kuopoa, kisha kuzitunza. Ni kazi ya fundi sanifu kabisa, na tatizo lenyewe lipo mlangoni petu. Sioni kwa nini lisiwe zoezi la mwisho la wanafunzi wa hapa.

Lakini wanafunzi hao wanasomea wapi? Chuo Kikuu cha Ufundi cha Rwanda, kilichoundwa mwaka 2017, kina vyuo vinane, na hakuna hata kimoja kilichopo Rusizi. Kilicho karibu nasi kwa njia ya ziwa ni cha Karongi. Shule zetu za sekondari za ufundi zipo, na walimu wake wanajitahidi, ila mwandishi huyu amewahi kuona darasa la umeme likimaliza muhula mzima kwa kuchora saketi ubaoni, kwa kuwa vifaa vya karakana vilifungiwa stoo visije vikaharibika. Aidha, tangu uamuzi wa mwaka 2008 masomo yanatolewa kwa Kiingereza, ilhali gereji za Kamembe bado zinaongea Kifaransa. Bisibisi niliyoizoea Tanzania hapa inaitwa tournevis, na mwanafunzi aliyeisoma kwa jina la tatu anaonekana mjinga siku yake ya kwanza kazini. Hilo ni dogo, wiki mbili zinatosha kulitatua. La karakana ndilo kubwa.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa serikali na kwa wenye mradi wa Ruzizi III. Ujenzi wa namna ile huchukua miaka kadhaa, muda unaotosha kumtoa kijana kwenye kidato cha tatu hadi kuwa fundi kamili. Idadi ya wanagenzi iandikwe ndani ya mikataba ya makandarasi, pamoja na fani watakazofundishwa na jina la atakayewasaini vyeti. Ahadi za jumla kwamba "wenyeji watapewa kipaumbele" tunazijua, nazo huishia kwenye sururu. Nchi tatu zinazomiliki mto zikubaliane pia kwamba cheti cha fundi aliyefunzwa katika mradi huu kitatambuliwa Bujumbura na Bukavu kama kinavyotambuliwa Kigali.

Halmashauri ya Wilaya nayo inaweza kuanza mapema, bila kusubiri mfadhili. Ifungue zile stoo, ihesabu kilichomo, na iwaombe mafundi wastaafu wa Mururu na Bugarama waje karakanani siku mbili kwa wiki, kwa posho.