Behewa la Kima
Ukifika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, usiishie kwenye vichwa vya garimoshi. Litafute behewa namba 12. Ni la mbao, nalo lilibeba wakuu wa Reli ya Uganda katika safari za ukaguzi. Juni 1900, Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli, aliliegesha stesheni ya Kima akiwa na wenzake wawili, Huebner na Parenti, ili wamvizie simba mla watu. Usiku, Ryall akiwa zamu, usingizi ukamzidi. Simba akaingia, akamkanyaga Parenti aliyelala sakafuni, akamnyakua Ryall na kuruka naye dirishani. Kisa hiki ndicho kinachowavuta watu, na ni haki yao. Lakini kisa hakizuii mbao kuoza. Maji yakipenya paani, ubao huliwa ndani kwa ndani huku rangi ikimeremeta nje. Fundi mwema wa behewa kongwe huziba paa kwanza, hukata sehemu iliyooza tu, na haharakishi kung'oa mlango wala dirisha. Wasimamizi wa makumbusho, nawaomba: kila mwaka kabla ya masika, pandeni mlikague paa lile.