Chuo Kikuu Kikificha Udhalilishaji wa Watoto, Adhabu Imshukie Nani?

Sifa zote njema ni za Allaah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake.

Wiki iliyopita, baada ya darsa, kijana mmoja anayefundisha watoto mpira alinifuata na suali. Alikuwa amesoma habari za vyuo vikuu vya Marekani. "Shekhe," akasema, "wakubwa wa timu wakijua kuna mtu anadhalilisha watoto, wakanyamaza, adhabu apewe nani? Ukiifungia timu, wachezaji wa leo wana kosa gani? Usipoifungia, si utakuwa umeifanya timu bora kuliko mtoto?"

Suali hili ni zito, na linatuhusu kuliko tunavyodhani. Kesi inayofaa kutufunza ni ya Chuo Kikuu cha Penn State, jimbo la Pennsylvania. Huko adhabu za aina nyingi zilijaribiwa, na matokeo yake tumeshayaona.

Yaliyotokea

Jerry Sandusky alikuwa msaidizi wa Joe Paterno, kocha wa mpira wa Kimarekani aliyetukuzwa mno, mwenye uwanja unaochukua watu zaidi ya laki moja. Mwaka 1977 Sandusky aliasisi jumuiya ya hisani ya kusaidia watoto wenye maisha magumu, na ni kupitia jumuiya hiyo alipowapata watoto aliowadhulumu. Mwaka 1998 mama mmoja alilalamika, uchunguzi ukafanywa, lakini Sandusky hakushtakiwa. Alistaafu mwaka 1999, na milango ya chuo kikuu ikabaki wazi kwake.

Mwaka 2001 kijana mmoja katika wasaidizi wa timu alimkuta na mtoto kwenye bafu la wachezaji. Akamwambia Paterno. Paterno akamfikishia mkurugenzi wa michezo, Tim Curley, na jambo likawafikia Gary Schultz, makamu wa rais wa chuo, na Rais mwenyewe, Graham Spanier. Wakubwa hao walimwambia Sandusky asilete tena watoto pale, wakaiarifu jumuiya yake, basi. Polisi hawakuambiwa, wala idara ya kulinda watoto. Hakuna aliyemtafuta yule mtoto japo kujua jina lake.

Sandusky alikamatwa Novemba 2011, miaka 10 baadaye. Mwaka 2012 alitiwa hatiani kwa makosa 45 dhidi ya watoto 10, akahukumiwa kifungo cha miaka 30 hadi 60.

Adhabu zilizotolewa

Julai 2012, NCAA, jumuiya inayosimamia michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, ilikitoza chuo faini ya dola milioni 60, kadiri ya pato la timu hiyo kwa mwaka mmoja. Fedha hizo zilitakiwa zitumike kuzuia udhalilishaji wa watoto na kuwasaidia walioathirika. Timu ilizuiwa kucheza mechi kubwa za kumalizia msimu kwa miaka 4, ikapunguziwa nafasi za wachezaji wanaosomeshwa bure, na ushindi wake wote tangu 1998 hadi 2011, mechi 112, ukafutwa katika kumbukumbu.

Tuangalie kilichobaki. Zuio la mechi liliondolewa mwaka 2014. Ushindi ulirejeshwa mwaka 2015, baada ya kesi mahakamani. Faini ilibaki. Chuo kikuu pia kimewalipa walioathirika zaidi ya dola milioni 100. Ama wakubwa watatu, mahakama iliwahukumu mwaka 2017 kwa kuhatarisha usalama wa watoto, na kila mmoja alipangiwa miezi 2 au 3 tu ya jela, iliyobaki kifungo cha nyumbani. Paterno alifukuzwa kazi Novemba 2011 na akafariki Januari 2012 bila ya kushtakiwa. Familia yake imeipinga ripoti iliyomtaja miongoni mwa walioficha.

Mizani yetu

Katika Suratul Israa, aya ya 15, Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) anatufundisha kwamba hakuna nafsi inayobeba mzigo wa dhambi ya nafsi nyengine. Kijana aliyejiunga na timu mwaka 2012 alikuwa mtoto mdogo wakati wakubwa wale wanaficha. Kumzuia kucheza si kuwaadhibu wao. Hapo NCAA ilifanya jambo moja la busara: iliwaruhusu wachezaji kuhamia vyuo vyengine bila ya kupoteza msimu.

Na kufuta ushindi kwenye karatasi kunamfaa nini aliyedhulumiwa? Hakumrejeshei usingizi wala heshima yake. Ni adhabu iliyowashughulisha washabiki wakabishana juu ya hesabu za kocha, na watoto wakasahauliwa mara ya pili.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Adhabu ya mwanzo iwe juu ya watu waliojua wakanyamaza, kwa majina yao, na iwe kali kuliko miezi miwili. Allaah amekataza kuficha ushahidi (Al-Baqarah: 283), na mwenye cheo anayeficha ana dhambi kubwa zaidi, kwani alikuwa na uwezo wa kuzuia. Ya pili iwe juu ya mali. Timu ilichuma kwa jina safi lisilokuwa safi, basi mali hiyo iwatibu na kuwafidia waliodhulumiwa. Kanuni ya fiqhi ni kuwa madhara lazima yaondolewe. Ya tatu, timu ifungiwe kwa sharti, isifungiwe kwa kuhesabu miaka: isicheze mpaka walioficha waondoke na uwekwe utaratibu wa kulinda watoto unaokaguliwa na watu wa nje.

Aya hiyo hiyo ya Suratul Israa inatukumbusha kuwa Allaah haadhibu mpaka alete Mtume. Onyo hutangulia. Mwaka 2021 kamati ya NCAA ilishindwa kukiadhibu Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, kwa kutoripoti tuhuma za wanawake kudhalilishwa, kwa kuwa kanuni zake hazikulitaja kosa hilo. Kanuni iandikwe kabla ya msiba.

Na sisi je?

Wazee wangu, tusiwacheke Wamarekani. Wao waliogopa kuipaka tope timu. Sisi tunaoneana muhali. Huyu ni ami yake mtoto, yule ni ustadhi wetu, yule ametujengea msikiti. Hukaa wazee wawili watatu, ikasomwa Fatiha, mtoto akaambiwa anyamaze, na mkosaji akahamia mtaa mwengine wenye watoto wengine. Kuna tofauti gani na uamuzi wa mwaka 2001?

Wapo wanaojitetea kwa sitara. Ni kweli, kusitiri aibu ya Muislamu ni jambo lenye thawabu. Lakini sitara ni kwa aliyeteleza baina yake na Mola wake akatubu. Anayewadhuru watoto anaendelea kudhuru, na kumficha ni kumsaidia. Alipoiba mwanamke wa kabila tukufu la Makhzum na Usama bin Zayd akaja kumuombea, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alikasirika, akabainisha kuwa waliotutangulia waliangamia kwa kumwacha mwenye hadhi na kumwadhibu mnyonge.

Yule kijana nilimjibu hivi: ukiona au ukiambiwa, usiishie kwa mkubwa wako wa timu. Nenda polisi au kituo cha Mkono kwa Mkono hospitali, kisha urudi kuuliza limefikia wapi. Yule msaidizi wa 2001 alisema kwa mkubwa wake, na mkubwa akasema kwa wakubwa zake, kila mmoja akaona ametimiza wajibu. Mtoto alibaki peke yake. Akaniuliza, "Na kama mtuhumiwa ni mwalimu wangu mimi?" Nikamwambia, hata akiwa ni mimi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tunamuomba Allaah awalinde watoto wetu, awaponye waliodhulumiwa, na atupe ushujaa wa kusema haki japo dhidi ya nafsi zetu. Aamiyn.

Wa Allaahu A'lam.