Tuseme Tukiwa na Afya

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Amma baad.

Wazazi wetu na wanafunzi wetu wapenzi, wasia kwa wengi wetu ni habari ya shamba, nyumba na madeni. Lakini lipo jambo ambalo majumbani mwetu halitajwi kabisa, nalo ni viungo vya miili yetu. Je, ndugu yako akihitaji figo, utampa? Na ukifariki, unaridhia kiungo chako kimsaidie mwingine?

Zamani mgonjwa wa figo wa Tanzania alipelekwa India, na wengi hawakuwa na uwezo huo. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini, na mwaka 2018 ikafuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Figo hizo zilitolewa na jamaa walio hai. Basi suala hili limeshabisha hodi.

Tuchukue mfano. Baba anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki na fedha zinakwisha. Daktari anauliza nani atajitolea. Wakubwa wanainamisha vichwa, mama analia, na kijana wa mwisho anasema "mimi" kwa kuona haya tu. Hiyo si hiari. Na aliyekataa kwa hofu ataitwa mchoyo maisha yake yote. Lau wangezungumza mapema, kila mmoja angepata muda wa kumuuliza daktari, kumuuliza shekhe na kuipima nafsi yake.

Katika dini, maulamaa wamehitilafiana. Wapo waliokataza kwa kuchunga heshima ya mwili wa mwanaadamu, miongoni mwao Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan. Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Jeddah, mwaka 1988, liliruhusu kwa masharti: aliye hai atoe kwa ridhaa yake bila ya kuhatarisha uhai wake, na kiungo kisiuzwe. Kwa maiti, awe ameridhia kabla ya kufa, au warithi wake waridhie.

Tulitazame sharti hilo la mwisho. Warithi wataridhia nini ikiwa marehemu hakuwahi kufungua kinywa? Watabahatisha wakiwa msibani, na huenda wakagombana hata kabla ya maziko.

Hatumlazimishi mtu kutoa. Anayetoa akumbuke uzito wa kuokoa nafsi moja, kama tunavyosoma katika Suratul Maida, aya ya 32. Anayekataa ana haki yake, asilaumiwe. Tunaloomba ni watu waseme, wala wasiwaachie wenzao mafumbo.

Enyi wanafunzi, msianze kwa kumwambia baba "ukifa". Hiyo si adabu. Wasomeeni wazee makala hii baada ya Isha, kisha waulizeni wao wanaonaje, na msikilize. Nanyi wazazi, msiwanyamazishe watoto kwa kusema wanaleta nuksi. Kutaja mauti hakuyaleti, na kunyamaza hakuyazuii. Mkishakubaliana, andikeni pamoja na wasia wenu, na wenyewe nyumbani wajue karatasi iko wapi.

Wabillahi tawfiq.