Uzi Uliosokotwa Kupita Kiasi

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya kazi ya mikono, hasa kusokota uzi wa sufu na kufuma. Nitakueleza jinsi kazi yenyewe ilivyo, nitakupa kipimo cha kofia ya mtoto mchanga, na katikati nitakiri kosa langu. Kosa hilo ndilo lililonifanya niishike kalamu.

Sisi tunaishi Kinangop, katika Kaunti ya Nyandarua, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Julai ukungu hukaa mpaka karibu na adhuhuri, na asubuhi nyingine nyasi huwa nyeupe kwa sakitu. Katika baridi ya namna hii kondoo wa sufu hustawi, kama vile Corriedale na Merino. Jirani yetu alikuwa akinyoa kondoo wake mara moja kwa mwaka na kuitupa sufu shimoni, kwa sababu bei aliyopewa haikutosha hata nauli ya kuifikisha sokoni. Nikamwomba anigawie. Alicheka akasema, "Sista, unataka kumtandikia mbwa?" Nikabeba gunia zima.

Mama mkwe ndiye aliyenifundisha. Yeye hakuwahi kusokota sufu, lakini tangu usichana wake alisokota katani juu ya paja kwa ajili ya viondo, na vidole vyake vilijua mambo ambayo vyangu havikujua. Fundi seremala wa sokoni akatutengenezea gurudumu la kusokotea kutokana na gurudumu kuukuu la baiskeli. Tukaanza.

Sufu ya kondoo mmoja inaweza kuwa kilo 3 au 4, lakini ukiitoa mafuta na uchafu hupungua sana. Huoshwa kwa maji ya moto kiasi na sabuni, bila kusuguliwa. Ukiisugua, au ukiitoa katika maji moto na kuitia ghafla katika maji baridi, hushikamana ikawa kama kipande cha blanketi gumu. Ikishakauka huchambuliwa, kisha huchanwa kwa brashi mbili zenye meno ya waya mpaka nywele zake zilale upande mmoja. Hapo ndipo husokotwa: mkono mmoja unavuta, mwingine unapima unene, na mguu unakanyaga. Uzi mmoja ukiwa tayari husokotwa pamoja na mwenzake kwa kuzungusha gurudumu kinyume, nao hushikana ukawa uzi imara.

Sufu ina sifa ambayo sisi wauguzi twaipenda. Kila unywele wake umejikunjakunja, kwa hiyo hushika hewa katikati, na hewa hiyo huzuia joto la mwili lisipotee upesi. Tena inaweza kunyonya unyevu hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi kwamba imelowa.

Baada ya mwaka mmoja nilikuwa mtu wa shughuli nyingi kweli kweli. Niliamka saa kumi alfajiri nisokote kabla ya kwenda kazini. Ndani ya matatu nilifuma. Kwenye foleni ya benki nilifuma. Desemba ilipokaribia, wazazi waliagiza masweta ya shule ya kufungulia Januari, na kanisa nalo likahitaji vitu vya kuuza siku ya harambee. Katika daftari langu kulikuwa na oda 23. Siku moja tukiwa mezani, baba watoto alisema, "Mama, siku hizi tunakula sisi na watoto na kikapu." Sikumjibu, kwa kuwa nilikuwa nahesabu vitanzi.

Watu walinisifu, nami nilizipenda sifa hizo. Waliniita mwanamke wa Methali 31, ambaye mikono yake haikosi sufu wala uzi. Nilisahau kwamba sura hiyo hiyo inautaja mkono wake ukinyooshwa kwa maskini na mhitaji. Mkono uliojaa uzi muda wote hauwezi kunyooshwa kwa mtu yeyote.

Basi Alhamisi moja ya mwezi wa Novemba, katika mkutano wetu wa akina mama, aliketi kando yangu mke mmoja kijana. Alikuwa mgeni kijijini, ameolewa mwaka huo, na hiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Sista, naomba kukuuliza kitu." Nikamjibu bila kuinua macho, "Ngoja kidogo, mwanangu, nimalize mstari huu nisije nikapoteza hesabu." Akangoja. Mstari ulipokwisha nilianza mwingine. Nilipoinua kichwa, kiti chake kilikuwa kitupu. Nikawaza, kama ni jambo kubwa atarudi.

Alirudi Jumamosi usiku, nami nikiwa zamuni katika kituo cha afya. Mama mkwe wake alimleta kwa bodaboda akiwa amejifungulia nyumbani, wiki 6 kabla ya wakati. Kitoto kilikuwa kimefungwa kwa leso iliyolowa. Kilikuwa na uzito wa kilo 1.9, na nilipokipima joto nilipata nyuzi 35.1. Mtoto mchanga anapaswa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Hakikulia sawasawa, kililia kama paka aliye mbali.

Tulikikausha, tukakiweka kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, tukawafunika wote wawili kwa blanketi. Kikapu changu kilikuwa pale chini ya meza, nacho kilikuwa na kofia ndogo niliyoifuma kwa ajili ya harambee. Nikamvika mtoto. Tukamkamulia maziwa ya mama yake katika kikombe kidogo, tukampa tone kwa tone. Baada ya saa mbili joto lilikuwa limefika nyuzi 36.6. Asubuhi walipelekwa hospitali, mtoto akiwa bado kifuani. Baada ya wiki kadhaa walirudi nyumbani wote wawili, na leo mtoto huyo anakimbiza kuku. Sifa kwa Mungu.

Lakini usiku ule, hofu ilipopungua, nilimwuliza yule mama kijana, "Alhamisi ulitaka kuniuliza nini?" Akainama, akasema, "Nilitaka kujua kama maji kutoka kidogo kidogo ni jambo la kawaida."

Mama msomaji, lilikuwa swali la dakika moja. Muuguzi yeyote angemwambia kwamba maji yakianza kutoka kabla ya wakati ni lazima kwenda hospitali siku ile ile. Angejifungulia mahali palipo na watu waliojiandaa. Pengine daktari angeona inafaa kumpa sindano ya kuyasaidia mapafu ya mtoto kabla hajazaliwa. Kofia yangu ilikuwa tayari siku mbili kabla ya kuhitajika, lakini sikio langu halikuwa tayari.

Nilirudi nyumbani nikaketi kwenye gurudumu, maana sikuweza kulala. Nilikanyaga kwa hasira, na uzi ukaanza kujikunja wenyewe kwa wenyewe, mafundo matupu. Mama mkwe alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Legeza, mama. Usiposokota vya kutosha uzi huachana. Ukisokota kupita kiasi hujikunja, na hakuna sweta litakalotoka humo." Akachukua kile kipande, akakining'iniza na kijiwe chini yake, kikazunguka kinyume taratibu mpaka kikatulia. Alinionyesha jinsi ya kuuponya uzi, nami nikaelewa kwamba alikuwa akisema nami. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mimi nilikuwa nimeshika ishirini na tatu.

Sikuiacha kazi ya mikono, wala sikushauri wewe uiache. Inatupatia karo, inatufariji, na mikono inayofanya kazi hutuliza moyo. Lakini nilifanya mabadiliko matatu. Kwanza, napokea oda 6 tu kwa mwezi, nyingine nawapa wenzangu niliowafundisha. Pili, chakula cha jioni ni bila kikapu, na baba watoto ndiye mlinzi wa sheria hiyo. Tatu, katika mkutano nafuma vitu rahisi ambavyo havihitaji kuhesabu, na mtu akianza kunisemesha naweka sindano chini. Mstari unaweza kungoja. Kitanzi kikidondoka huokotwa.

Kabla ya kukupa kipimo cha kofia, niseme neno la kiuguzi. Njia ile ya kumweka mtoto kifuani, ambayo wengi huiita ya kangaruu, ilianzishwa na daktari Edgar Rey Sanabria katika mji wa Bogotá, nchini Kolombia, mwaka 1978, kwa kuwa mashine za kutunzia watoto hazikutosha. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwamo. Ilionekana kwamba watoto wadogo waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa wachache kwa asilimia 25 kuliko wale waliosubirishwa mpaka hali yao itulie. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri njia hii ianze mara moja kwa watoto waliozaliwa kabla ya wiki 37 au wenye uzito chini ya kilo 2.5. Kwa hiyo joto la kwanza la mtoto ni kifua cha mama yake. Kofia ni msaidizi tu. Pia usiharakishe kumwogesha mtoto mchanga, ngoja saa 24.

Na wewe uliye mjamzito, usingoje mkutano wala usimwonee haya muuguzi. Ukiona damu, maji yakitoka, uso au mikono ikivimba, kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, homa, au mtoto akipunguza kucheza tumboni, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Sasa kofia. Tumia uzi laini wa unene wa kati, gramu 30 hivi, na sindano za milimita 4. Anza na vitanzi 64. Fuma vitanzi 2 vya pleni na 2 vya pali mpaka ukingo ufike sentimita 4. Endelea mstari mmoja pleni na mmoja pali mpaka kipande chote kiwe sentimita 10. Sasa punguza: fuma vitanzi 6, unganisha 2 kuwa kimoja, rudia mpaka mwisho wa mstari, utabaki na 56. Rudi kwa pali. Mstari unaofuata fuma 5 na kuunganisha 2, utabaki na 48. Endelea hivyo, ukipunguza kimoja kila mara na kurudi kwa pali katikati, mpaka vibaki vitanzi 8. Kata uzi, upitishe katika vitanzi vyote, uvute, kisha ushone ubavuni. Kwa njiti, anza na vitanzi 56, fuma mpaka sentimita 8, kisha anza kupunguza kwa ule mstari wa 5.

Usiweke kifungo, utepe wala kishada, maana mtoto anaweza kukabwa. Pitisha uzi shavuni pako kwanza, na kama unakuwasha wewe utamwasha yeye. Fua kwa maji ya uvuguvugu na uianike ikiwa imelazwa. Mtoto aliyetimiza miezi yake na mwenye afya mvue kofia anapolala ndani ya nyumba, na ukimkuta na jasho shingoni mpunguzie nguo.

Siku hizi kikundi chetu hupeleka kofia kwenye wodi ya akina mama kila mwezi. Yule mama kijana sasa naye hufuma, na huketi kiti kile kile kando yangu. Wiki iliyopita aliniambia tena, "Sista, naomba kukuuliza kitu." Niliweka sindano chini kabla hajamaliza. Alitaka tu kujua bei ya uzi.

Nami nilifurahi kumjibu.