Ufukwe Una Wenyewe

Nenda Ushongo, ndugu msomaji. Naanza na hilo ili huko mbele usije ukadhani nakufukuza. Nenda na watoto, nenda na wazazi wako kama miguu yao bado inauweza mchanga. Wageni wa Ulaya wamekuwa wakifika huko miaka mingi, lakini mtu wa Dar es Salaam au Arusha aliyewahi kulala Ushongo utamtafuta kwa tochi. Bahari ni yetu, na kwenda kuitazama si anasa ya wazungu.

Kijiji kiko wilaya ya Pangani, mkoani Tanga. Unafika kwanza mjini Pangani, mji wa majumba ya kale ambako Wajerumani walimnyonga mpinzani wao Bushiri bin Salim mwezi Desemba 1889, unavuka mto kwa kivuko hadi Bweni, kisha unashika njia ya kusini kama kilomita 15. Hapo utakuta mchanga mweupe unaopanuka sana maji yakipwa, minazi iliyoinamia bahari, na ukimya ambao mtu aliyezoea honi za Mbagala humchukua siku nzima kuuamini. Kilichoulinda ukimya huo miaka yote hiyo ni barabara tu. Kiangazi vumbi, masika tope, na kivuko kikiharibika nawe umekwama ng'ambo.

Sasa mambo yanageuka. Mradi wa barabara ya lami kutoka Bagamoyo kupitia Saadani na Pangani hadi Tanga, pamoja na daraja juu ya mto Pangani, unaifanya pwani ile iwe safari ya mwisho wa juma. Nafurahia lami hiyo kwa moyo wote: mama mjamzito wa Ushongo ameihitaji kuliko mtalii yeyote. Lakini lami haichagui inayempeleka. Itawaleta wastaarabu, na italeta pia mabasi yenye spika kubwa kuliko injini. Ndiyo maana nakuomba tuzungumze sasa hivi, kabla hujaanza kufungasha.

Tuanze na huo ukimya wenyewe, maana wageni wengi huusifu bila kujua unatoka wapi. Saa nane mchana kijiji cha wavuvi huonekana kimehamwa. Vyombo vimepandishwa mchangani, nyavu zimetundikwa, vijana wawili watatu wamelala chini ya mnazi. Mgeni hupita akasema moyoni, watu hawa wana raha, au vibaya zaidi, watu hawa ni wavivu. Kumbe vijana wale wametoka baharini alfajiri. Wavuvi wa dagaa hutafuta usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, wawashe taa juu ya maji samaki wasogee. Mwenye ngalawa huondoka na umande, upepo ule wa nchi kavu wa usiku wa manane, na hurudi kwa upepo wa bahari mchana ukipanda. Kwa hiyo utulivu unaoupiga picha ni usingizi wa watu waliokesha kazini. Ukiwasha muziki wako pale saa nane, ni sawa na kumpigia ngoma dirishani muuguzi aliyetoka zamu ya usiku.

Basi ushushe muziki wako, au upeleke mbali na nyumba. Hoteli na kambi nyingi ziko mbali kidogo na kijiji, huko hutamsumbua mtu. Mwenye hamu ya uhai wa pwani aamke alfajiri aende dikoni, vyombo vinakofikia, akasimame pembeni na macho yake tu.

Dikoni kuna utaratibu ambao hauandikwi popote. Chombo kikifika, wanaosaidia kukipandisha hupata kitoweo. Samaki huhesabiwa au hunadiwa, mafuta ya injini hutolewa kwanza kama injini ilitumika, kisha mgawo huenda kwa tajiri mwenye chombo, kwa nyavu, na kwa mabaharia. Pembeni wapo wachuuzi wenye baiskeli na pikipiki, na wapo kina mama wakaangaji wenye ndoo na mitaji midogo inayozunguka kila siku. Sasa anatokea mgeni kutoka mjini, anaona kolekole mzuri, anatupa noti mara mbili ya bei ya siku ile na kuondoka naye akicheka. Hajatenda dhambi. Lakini yule mama ambaye angemkata vipande akamuuza kijijini kwa watu wa kipato cha chini amekosa, na kesho bei imeshapanda. Wapo na wa upande wa pili, hodari wa kubishania shilingi elfu mbili ya changu aliyevuliwa usiku kucha, halafu jioni wakalipa bila kuuliza bei ya soda baridi ya hotelini. Hawa ndio wanaonikera zaidi. Dawa ni nyepesi: nunua kwa mkaangaji. Utapata samaki aliyeiva, yeye atapata riziki, na mpangilio wa diko hautavurugika.

Jambo la pili ni maji. Watu wa bara hufika pwani wakaikuta bahari imekwenda, wakalalamika kwamba picha za intaneti zimewadanganya. Mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana, kisha hupwa sana, hata ukaweza kutembea hadi mahali ambapo asubuhi palipita chombo. Kati ya bamvua na bamvua kuna maji mafu, yasiyosogea sana. Kila siku saa za kujaa huchelewa kama dakika hamsini. Mwulize mtu yeyote kijijini, mtoto au mzee, atakuambia leo maji yatajaa saa ngapi bila kutazama simu. Ukitaka kuogelea, panga siku yako kwa maneno yake.

Wakati wa bamvua maji yakipwa, wanawake hushuka mwambani. Wapo wanaotanda uduvi kwa vitambaa na vyandarua, wapo wanaochokoa pweza kwenye mashimo kwa kijiti au chuma. Huo ni ujuzi wa kurithi. Jicho la kugundua shimo lenye pweza halinunuliwi dukani. Na ndiyo saa ile ile mgeni naye hupenda kwenda kutembea na viatu vyake vya mpira, akikanyaga matumbawe, akibeba kome na kaa wa kuzugia watoto, na simu ikiwa mbele. Naomba haya: pita kwenye mchanga, mwamba uache. Kombe zilizo hai na matumbawe viache vilipo hata kama havina mwenyewe. Na ukitaka kumpiga picha mama aliyeinama kazini, msalimie kwanza, shikamoo kama umri wake unastahili, umwombe. Akikataa, amekataa. Angekuja mtu ofisini kwako akakupiga picha umeinama chini ya meza, ungemwita mlinzi.

Kuhusu mavazi sitasema mengi. Vazi la kuogelea ni la kuogelea. Unapopita kijijini, jifunge kanga au vaa shati. Ni kijiji cha Waislamu kwa sehemu kubwa, na adhana ya Ijumaa inasikika hadi kwenye mawimbi. Chupa ya bia mkononi katikati ya nyumba za watu haina sababu.

Sasa kasa. Mkabala na Ushongo, ndani ya bahari, kuna Maziwe, hifadhi ya bahari ambayo mashua za wageni hupenda kwenda. Leo ni fungu la mchanga linalojitokeza maji yakipwa na kuzama bamvua ikijaa. Lakini wazee wanaikumbuka ikiwa kisiwa chenye mivinje, na kasa walipanda kutaga chini ya kivuli chake. Miti ilikatwa, bahari ikaula mchanga usio na mizizi, na kufikia miaka ya 1980 hakuna mti uliobaki. Kasa hawajapata habari. Bado hupanda Maziwe kutaga, na mayai yakiachwa pale maji huyafunika yakafa. Ndipo watu wa Ushongo, wakishirikiana na shirika la Sea Sense, wakaanza kuyahamisha mayai kwa mikono na kuyafukia upya kwenye ufukwe wa kijiji. Kiota kimoja huweza kuwa na mayai mia na zaidi, na vifaranga hutoka baada ya siku 50 hadi 60 hivi.

Fikiria uzito wa hilo kwa mtu anayekwenda kupumzika pale. Kifaranga wa kasa akitoka mchangani usiku huifuata nuru, kwa kuwa tangu zamani upande wenye mwanga usiku ulikuwa bahari. Taa ya veranda, moto mkubwa wa kuni ufukweni, tochi ya simu inayozungushwa hewani, vyote vinamwita aelekee bara, kwa kaa na kunguru. Kazi ya mlinzi wa viota aliyetembea usiku miezi miwili inapotea kwa sherehe ya saa moja. Zima taa za upande wa bahari ukienda kulala. Moto wako uwe mdogo, tena kwa kibali cha wenyeji. Ukimkuta kasa mkubwa anapanda, kaa chini, nyamaza, usimmulike. Na ukienda Maziwe, chukua nahodha wa kijijini, lipa ada ya hifadhi udai stakabadhi, na mwambie asitupe nanga juu ya matumbawe. Kofia usisahau, kule hakuna kivuli hata cha kumfunika kuku.

Mtu ataniuliza, je, ziara za watu wachache wenye adabu zinaweza kweli kubadili maisha ya kijiji? Zimeweza kwingine. Kisiwani Juani, Mafia, ada wanayolipa wageni kutazama vifaranga wa kasa wakitoka hugawanywa kati ya kijiji na kazi ya kuwalinda. Kuruwitu, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, wavuvi wenyewe walitenga mwaka 2005 eneo la hekta 30 hivi lisivuliwe. Samaki walirudi, wageni wakaja kuogelea, na mwaka 2017 wakatunukiwa Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Sehemu zote hizo waliotangulia ni wenyeji. Mgeni alikuja baadaye na kulipa.

Kwa hiyo angalia pesa yako inakoishia. Ukifika na maji ya katoni, mkaa, kuku wa friji na mpishi wako kutoka mjini, umekwenda kuutumia ufukwe bure na kuwaachia chupa tupu. Nunua madafu pale. Kodi ngalawa pale, umlipe mwenye ngalawa mkononi, si dalali aliyekukuta kwenye kivuko. Taka zako zote za plastiki rudi nazo, kwa kuwa kijiji hakina gari la taka, na mfuko wa plastiki wenyewe umepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Watoto wakikuzunguka usiwagawie sarafu na pipi; ukiwa na moyo wa kutoa, mwone mwalimu mkuu au mwenyekiti wa kijiji. Na usisubiri Desemba tu, wakati kaskazi imetulia na kila mtu ana likizo. Likizo ya Juni pia inafaa. Upepo wa kusi ndio unaovuma, bahari imechafuka, hewa ni ya baridi tamu, na ngalawa nyingi hazitoki siku hizo. Ndiyo miezi ambayo shilingi ya mgeni inaonekana zaidi jikoni.

Nimemaliza na wa kupita. Nina neno kwa wale waliokwenda mara moja wakapapenda, wakarudi kununua kiwanja.

Sikuonei wivu. Lakini jua umenunua nini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na ardhi ya kijiji haitolewi kwa saini ya mtu mmoja mezani. Lazima mkutano mkuu wa kijiji uridhie. Kama uliuziwa kwa haraka, na muuzaji alikukataza kwenda ofisi ya kijiji, rudi ukaulize kabla hujapanga tofali. Zaidi ya sheria, tazama nyayo zilizo kwenye kiwanja chako. Kile kichochoro chembamba kinachokatiza chini ya minazi ndicho njia ya wavuvi kwenda kwenye vyombo vyao, na ndicho cha mama mwenye ndoo kupanda kutoka dikoni. Katika fukwe nyingi za nchi hii njia kama hizo zimekufa kimyakimya: ukuta mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka mvuvi anazunguka nusu saa kuifikia bahari aliyozaliwa mbele yake.

Usiwe wewe wa ukuta wa kwanza. Ukijenga, rudi nyuma ya zile mita 60, acha mivinje na minazi isimame, na uiache njia wazi usiku na mchana, bila geti na bila mbwa. Kama umekwisha kujenga ukuta katikati yake, Ushongo au ufukwe mwingine wowote, mwite fundi wiki hii autoboe.