Habari Zetu Tumewaachia Nani?

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo:

Hivi karibuni jirani yangu, daktari Muislamu aliye mwanachama wa klabu moja ya kuhudumia jamii hapa Tanga, alinialika katika kikao chao cha mchana. Klabu za namna hii ni nyingi duniani. Mashuhuri miongoni mwazo ni Rotary, iliyoasisiwa mjini Chicago, Marekani, mwaka 1905, na ambayo tangu mwaka 1985 imejitwika kampeni ya kutokomeza polio. Ada yao ni kukutana siku maalumu, kula pamoja, kusomeana taarifa za kazi, kisha kumsikiliza mgeni. Hukumu ya kujiunga na jumuiya hizo si maudhui yetu leo. Maudhui yetu ni mgeni wa siku ile.

Alikuwa mwandishi wa habari kutoka Ulaya, aliyetumwa na gazeti la kwao kuandika habari za Afrika Mashariki. Alieleza kwamba nchi anazoziandikia ni nyingi, kwamba mahali pamoja hukaa siku chache tu, na kwamba humtegemea mkalimani. Alipofika kwa Waislamu wa pwani, alitaja umasikini na siasa kali, akaishia hapo. Nilinyanyua mkono huku moyo ukinichemka, nikamuuliza ni Waislamu gani aliozungumza nao kabla ya kuandika hayo.

Alijibu kwa Kiingereza, na daktari akanitafsiria, kwani mimi pia nilihitaji mkalimani. Alisema: "Sheikh, nilikwenda msikitini mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa nimsubiri imamu, nikangoja mpaka nikaondoka. Mara ya pili niliambiwa kuwa mambo ya msikiti hawaambiwi wageni. Basi nikaandika niliyoambiwa na waliokubali kuzungumza."

Nilikaa kitini sina la kusema.

Ndugu Waislamu, jibu lile halimtoi lawamani. Katika Surat al-Hujurat, aya ya 6, Allah ametuamrisha tuhakikishe habari tunayoletewa na fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Mwezi Mei 2004 gazeti la New York Times lilikiri kwamba baadhi ya habari ilizoandika kuhusu silaha za Iraq hazikuchunguzwa inavyostahiki. Lakini wakati huo Baghdad ilikwishaanguka tangu mwaka 2003. Toba ya gazeti haimfufui maiti.

Hata hivyo, nasi tuna sehemu yetu ya lawama. Sisi ni umma wa isnadi. Jabir bin Abdillah (r.a.) alisafiri mwezi mzima hadi Sham kwa ajili ya hadithi moja tu, aisikie kutoka kwa Abdullah bin Unays. Leo mmoja wetu hupokea ujumbe katika simu, akausambaza kabla udhu wake haujakauka!

Tazameni pia wazee wetu wa Kilwa. Mwaka 1331 aliwafikia mgeni kutoka Tanja, naye ni Ibn Battuta. Walimpokea, wakazungumza naye, naye akaandika kuhusu ukarimu wa Sultani al-Hasan bin Sulayman, aliyempa fakiri wa Kiyemeni nguo alizokuwa amezivaa. Karibu miaka 700 imepita, na habari hiyo ingali inasomwa. Je, lau mlango ungefungwa, nani angeijua?

Na Gaza, tangu Oktoba 2023, Israel ilipowazuia waandishi wa kigeni wasiingie kwa hiari yao, dunia ilipata habari kwa ndimi za wana wa Gaza wenyewe waliokuwa wamejifunza kazi hiyo. Zaidi ya 100 kati yao waliuawa. Allah awarehemu. Lau wasingejiandaa kabla ya msiba, nani angetoa ushahidi?

Kwa hiyo natoa rai tatu. Kwanza, kila msikiti umteue mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, wenye elimu na adabu, wa kuwapokea waulizaji, nao wajue idadi ya wanafunzi wetu, visima tulivyochimba na zaka tuliyoigawa. Pili, mara moja kwa mwezi, baada ya swala ya Isha, tumsikilize mtu aliyeyaona mambo kwa macho yake: muuguzi, mvuvi au wakili. Tatu, wazazi wasione aibu kumsomesha uandishi wa habari kijana aliyehifadhi Qur'an, kwani huenda leo hiyo ikawa faradhi ya kutosheleza, na tukiiacha sote tutaulizwa.

Mgeni yule ameahidi kurudi. Nimemwambia aje madrasa, na safari hii atanikuta mlangoni.

Wabillahi tawfiq.